Kwa nini kamera za lenzi mbili hukata vichwa, na jinsi ya kuzidhibiti

KATIKA albamu ya familia yetu huko Embu mna picha moja ya mraba, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa miaka mingi imezua ubishi kila inapofunuliwa. Ni picha ya marehemu nyanya yetu, na ndiyo pekee aliyowahi kupigwa akiwa peke yake. Alipigwa katika studio moja ya mjini, msimu ambao malipo ya kahawa yalikuwa ya kuridhisha. Alivaa gauni jipya na kujifunga kitambaa cha kichwa alichokinunua mahsusi kwa siku hiyo, akakikaza kwa fundo juu ya utosi.

Uso wake umo pichani. Shanga zimo, na hata vifungo vya gauni vinahesabika. Fundo la kitambaa halimo. Picha inakatika katikati ya kitambaa, na vidole vitatu hivi vya juu vimeachwa nje.

Wazee wa familia walikuwa na maelezo yao. Kuna waliosema mpigapicha alikuwa amelewa, na kuna waliodai kwamba alimdharau mama wa kijijini akafanya kazi ya kulipua. Nyanya mwenyewe alishikilia kwamba yule bwana aliinamia kamera yake kwa muda mrefu, akamwomba anyanyue kidevu, akainama tena kuangalia, ndipo akafyatua. Hata hivyo, hakukanyaga studio tena maishani mwake.

Kwa bahati, negativu ilikuwa imehifadhiwa ndani ya bahasha pamoja na picha. Niliwahi kuiinua kwenye mwanga wa dirisha nikitarajia kukuta kitambaa kizima, maana katika kazi yetu ya uhariri si nadra picha kukatwa vibaya baada ya kupigwa. Hakikuwamo. Basi hakikukatwa na aliyesafisha picha. Kilikatwa na kamera yenyewe, tena mbele ya mtu aliyekuwa akiichungulia kwa makini.

Jambo hilo lina jina na lina sababu, na linaweza kuepukwa. Kulielewa kuna manufaa kwa wapigapicha wanaorithi kamera za aina hiyo kutoka kwa wazee wao, na pia kwa yeyote anayehifadhi picha za zamani na kujiuliza ni nani aliyezikata.

Kamera yenye macho mawili

Kamera inayozungumziwa hapa ni ile ya umbo la sanduku lililosimama wima, yenye lenzi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambayo mpigapicha huishika usawa wa tumbo na kuichungulia kutoka juu. Kampuni ya Franke & Heidecke ya mji wa Braunschweig, Ujerumani, ilianza kuuza Rolleiflex mwaka wa 1929, na muundo wake ukaigwa kote duniani. Kutoka Japani zilikuja Yashica na Mamiya, Umoja wa Kisovieti ukatoa Lubitel, nayo Uchina ikatoa Seagull.

Nyingi ya kamera hizi hutumia filamu ya 120, ambayo Kodak iliianzisha mwaka wa 1901 na ambayo bado inatengenezwa. Roli moja hutoa picha 12 za mraba, kila moja ikiwa na upande wa karibu sentimita 6. Negativu ya aina hiyo ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na ndiyo maana ilipendwa sana na wenye studio: picha iliweza kukuzwa na kutundikwa ukutani bila ya kupoteza uangavu wake.

Kila lenzi ina kazi yake. Lenzi ya chini ndiyo inayopiga picha. Ndani yake mna shata, na nyuma yake mna filamu. Lenzi ya juu haipigi chochote. Kazi yake ni kupokea taswira na kuipeleka kwenye kioo kilichoinamishwa, ambacho huirusha juu hadi kwenye bamba la kioo chenye ukungu. Bamba hilo ndilo mpigapicha analolitazama, na katika makala haya tutaliita kitazamio. Lenzi zote mbili hubebwa na ubao mmoja na husogea pamoja, hivi kwamba taswira inapokuwa kali kwenye kitazamio, huwa kali pia kwenye filamu.

Muundo huo una faida kubwa. Mpigapicha humwona anayepigwa hata katika nukta ile ile ya kufyatua, na kamera haina kishindo. Lakini faida hiyo ina gharama yake, nayo ni kwamba jicho la mpigapicha liko juu ilhali filamu iko chini. Haviangalii kutoka mahali pamoja.

Kidole gumba na kilele cha Batian

Tofauti inayotokea pale kitu kimoja kinapotazamwa kutoka mahali pawili huitwa paralaksi. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia katika shule ya upili amewahi kuonywa juu yake, pale mwalimu alipomtaka ainamishe kichwa hadi usawa wa maji ndipo asome kipimo kwenye chupa.

Mkazi wa Embu au Meru anaweza kuishuhudia bila ya maabara. Asubuhi ambapo Mlima Kenya haujavaa mawingu, nyoosha mkono na ukifiche kilele cha Batian kwa kidole gumba, ukiwa umefumba jicho la kushoto. Sasa, bila ya kuusogeza mkono, lifumbe la kulia na ufumbue la kushoto. Kidole kitaruka pembeni na kilele kitajitokeza. Mlima wenye kimo cha mita 5,199 haukusogea, wala kidole hakikusogea. Kilichobadilika ni mahali pa kutazamia, na kitu kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kuliko kilicho mbali.

Wakulima wa kahawa wanaifahamu paralaksi kwa njia inayogusa mfuko. Kwenye mizani yenye mshale, mshale hukaa mbele kidogo ya uso wenye tarakimu. Anayesimama mbele yake husoma idadi moja ya kilo, na anayesimama upande husoma nyingine, na kila mmoja yuko tayari kuapa kuwa ameona kwa macho yake. Wote wawili wameona, ila hawakusimama mahali pamoja.

Wanajimu nao wameitumia paralaksi kupima umbali wa nyota. Mwaka wa 1838 Mjerumani Friedrich Bessel alichapisha umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni baada ya kupima jinsi ilivyoonekana kuhama dunia ilipokuwa ikilizunguka jua. Kile ambacho kwa mnajimu ni rula, kwa mpigapicha wa studio kilikuwa kisu.

Hesabu ya vidole vitatu

Katika kamera nyingi za lenzi mbili, nafasi kutoka katikati ya lenzi ya juu hadi katikati ya ile ya chini ni kati ya sentimita 4 na 5. Tuchukue 4.5. Kwa kuwa lenzi hizo hutazama mbele sambamba, kile kinachoonwa na filamu daima kiko sentimita 4.5 chini ya kile kinachoonwa na jicho. Iwe anayepigwa yuko mita moja au mita 10, pengo hilo halibadiliki.

Kinachobadilika ni ukubwa wa eneo linaloingia pichani. Kwa lenzi ya kawaida ya kamera hizi, yenye urefu wa fokasi wa milimita 80, mtu akisimama mita 10 kutoka kwenye kamera, picha huwa imechukua eneo lenye kimo cha karibu mita 7. Kukosa sentimita 4.5 katika mita 7 ni chini ya asilimia 1, na hakuna atakayetambua. Akiwa mita 3, eneo hupungua hadi karibu mita 2, na upungufu huwa kama asilimia 2. Akiwa mita moja, picha huchukua sentimita 64 tu, na sentimita 4.5 zinazopotea ni asilimia 7. Akisogezwa hadi nusu mita kwa kutumia lenzi ya nyongeza, eneo huwa chini ya sentimita 30, na kinachopotea hufika asilimia 15.

Ndiyo maana katika albamu za zamani picha za harusi na za vikundi vya kwaya huwa hazina kasoro, ilhali picha za mtu mmoja aliyepigwa kifuani kwenda juu ndizo zenye utosi uliokatwa. Na ndiyo maana kinachokatwa daima ni sehemu ya juu, huku nafasi isiyohitajika ikiongezeka chini ya picha.

Msomaji akitaka kujua sentimita 4.5 ni kiasi gani, aweke vidole vitatu pamoja. Ndicho kipimo kile kile kinachokosekana juu ya kichwa cha nyanya yetu. Yule mpigapicha alilijaza bamba la kioo kama alivyofundishwa, fundo la kitambaa likigusa ukingo wa juu. Alikiona kitambaa chote. Filamu ndiyo ambayo haikukiona.

Dawa zilizomo ndani ya kamera

Watengenezaji hawakulifumbia macho tatizo hili. Katika Rolleiflex na dada yake Rolleicord, chini ya kitazamio mna fremu inayosogea yenyewe kadiri mpigapicha anavyozungusha kirungu cha kurekebisha ukali. Anapolenga kitu cha karibu, fremu hushuka na kuificha ile sehemu ya juu ambayo filamu haitaipata. Anachokiona hubakia karibu sawa na kinachopigwa.

Mamiya, ambayo kamera zake za mfululizo wa C zilikuwa na lenzi za kubadilishwa na ziliweza kusogea karibu sana na kinachopigwa, ilitumia njia nyingine. Ndani ya kitazamio cha C330 mna mstari unaoshuka kadiri kamera inavyolenga karibu. Chochote kilicho juu ya mstari huo hakitaingia pichani. Kampuni hiyo ilitengeneza pia kifaa cha kufungwa kati ya kamera na stendi, ambacho mpigapicha akikinyanyua, kamera nzima hupanda kwa kadiri ya nafasi iliyo kati ya lenzi mbili.

Lenzi za nyongeza za kupigia vitu vya karibu nazo huuzwa zikiwa jozi. Katika zile za Rolleiflex ziitwazo Rolleinar, inayovishwa lenzi ya juu hunyongwa mwanga kidogo kuelekea chini ili jicho litazame pale filamu inapotazama. Ina alama nyekundu ambayo sharti ielekee juu. Anayeivika kichwa chini hulizidisha kosa badala ya kulipunguza.

Kamera za bei nafuu, hata hivyo, hazikuwa na msaada wowote wa aina hiyo. Mwenye nayo alitegemea ujuzi wake au mkasa wa kwanza uliomfunza.

Dawa zisizohitaji pesa

Mwenye kamera isiyo na fremu inayosogea ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuacha nafasi. Ukimpiga mtu aliye kati ya mita moja na mita mbili, usikijaze kitazamio. Hakikisha kuwa juu ya nywele, kofia au kilemba pamebaki nafasi ya vidole vitatu, ukivipima pale alipo anayepigwa na si juu ya kioo. Ziada yoyote itakatwa baadaye wakati wa kusafisha picha. Kilichozidi hukatika, lakini kilichokosekana kwenye negativu hakina pa kutolewa.

Ya pili ni kuielekeza kamera juu kidogo baada ya kupanga picha. Njia hii ni ya haraka na humfaa anayempiga mtu. Haifai kwa majengo wala kwa kunakili hati na picha za zamani, kwani kamera iliyoinamishwa nyuma hufanya kuta zionekane kuegemeana na karatasi ya mraba ionekane imebanwa upande mmoja.

Ya tatu ndiyo iliyo sahihi kabisa: kuinyanyua kamera yenyewe. Panga picha na urekebishe ukali, kisha uipandishe kamera kwa kimo sawa na nafasi iliyo kati ya lenzi, bila ya kuizungusha wala kuisogeza mbele au nyuma. Lenzi ya chini sasa itakuwa imekaa mahali hasa ilipokuwa lenzi ya juu. Kwenye stendi yenye mlingoti wa katikati, chora alama mbili kwa kalamu ili ujue pa kuanzia na pa kuishia. Pasipo na mlingoti, mwombe seremala akukatie kipande cha mbao chenye unene huo. Ubao wa ule mgrevilea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba kote Embu na Meru unatosha. Panga picha kamera ikiwa juu ya meza, ingiza ubao chini yake, kisha upige.

Kosa lisilorekebishwa na fremu

Huenda msomaji akauliza: ikiwa fremu ya Rolleiflex inarekebisha kila kitu yenyewe, ya nini kuhangaika na ubao? Hapa ndipo wengi hukosea, hata wazoefu.

Fremu inayosogea hurekebisha mipaka ya picha pekee. Hukwambia ni wapi picha itaanzia na kuishia. Haiwezi kukihamisha mahali kinapotazamiwa kitu. Lenzi inayopiga ingali chini, na kwa sababu hiyo mpangilio wa vitu vya mbele na vya nyuma utatofautiana na ulivyouona.

Tuseme umesimama katika shamba la kahawa kandokando ya mji wa Embu, na unataka tawi lenye mbuni zilizoiva liwe mbele, umbali wa mita moja, na Mlima Kenya uonekane nyuma juu ya majani. Kwenye kitazamio mpangilio ni mzuri: majani yako chini na kilele kinachungulia juu yake. Unafyatua. Picha inaposafishwa, majani yamepanda na kukifunika kilele. Mlima uko zaidi ya kilomita 40 kutoka hapo, na kushuka kwa sentimita 4.5 hakuugusi. Lakini kwa tawi lililo mita moja, kushuka huko kunatosha kulipandisha hadi likameza zaidi ya nusu ya kimo cha mlima.

Hakuna fremu, mstari wala lenzi ya nyongeza inayoweza kuondoa kosa hilo. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuiweka lenzi ya chini pale ilipokuwa ya juu. Kwa hiyo kanuni ni hii: ikiwa unachopiga kiko kwenye ukuta mmoja, kama vile hati au picha ya kunakiliwa, kurekebisha mipaka kunatosha. Ikiwa kuna kitu mbele na kingine nyuma, inyanyue kamera.

Mapungufu mengine ya kitazamio

Paralaksi si hila pekee ya kamera hizi. Kwa sababu taswira hupita kwenye kioo kimoja, kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Anayewapiga picha wapiga ngoma wa Chuka, ambao hubana ngoma zao ndefu katikati ya mapaja na kusonga kwa pamoja, atawaona wakienda upande usio wao. Akizungusha kamera kuwafuata, wao wanazidi kutoweka. Mazoezi huondoa tatizo hilo polepole. Anayeanza na afuate mwili badala ya macho: ageuze kiwiliwili kuelekea wanakokwenda wachezaji, na kamera itafuata.

Wapo wanaofungua kifuniko cha juu na kukigeuza kuwa fremu ya kutazamia kwa jicho moja, ambamo watu huonekana upande wao halisi. Ni njia nzuri kwa michezo na ngoma. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba fremu hiyo iko juu zaidi ya lenzi ya juu, hivyo jicho huwa limejitenga zaidi na filamu. Isitumiwe kwa vitu vya karibu.

Jua nalo ni adui. Ikweta hupita kati ya miji ya Embu na Meru, na saa sita za mchana jua hukaribia kusimama utosini na kumwagika moja kwa moja juu ya kitazamio. Taswira hufifia, hasa pembeni. Mpigapicha hulazimika kukinga mwanga kwa kichwa chake na kutumia kioo kidogo cha kukuzia kilichomo ndani ya kifuniko. Wakati bora ni asubuhi na jioni, ambapo hata nyuso hazina vivuli vizito chini ya macho.

Aidha, lenzi ya juu kwa kawaida huwa wazi kabisa wakati wote. Unapobana tundu la lenzi ya chini ili vitu vya mbele na vya nyuma vyote viwe vikali, hutaona badiliko lolote kwenye kitazamio. Utahitaji kusoma vipimo vilivyochorwa kando ya kirungu. Chujio la rangi au la kupunguza mng'aro nalo likivishwa lenzi ya chini, jicho halitaona kazi yake. Linalozungushwa sharti lipimwe kwanza kwenye lenzi ya juu, alama yake izingatiwe, kisha lihamishwe chini likiwa katika mkao ule ule.

Baya zaidi ni kwamba kitazamio hakitakuonya ikiwa lenzi ya chini imezibwa. Kidole, mkanda wa kamera au kifuniko kilichosahaulika vinaweza kuifunika lenzi inayopiga, na bado ukaona taswira safi kwenye kioo. Roli nzima ya picha 12 za ubatizo inaweza kurudi ikiwa tupu. Tazama lenzi ya chini kwa macho kabla ya kila picha ya kwanza.

Mwisho, kamera inayoshikwa usawa wa tumbo humtazama mtu kutoka chini. Humfanya aonekane mrefu na mwenye haiba, lakini humkuza kidevu na kuyafichua matundu ya pua. Panda juu ya kigoda ikiwa anayepigwa amesimama. Katika umati, wapigapicha wa magazeti walikuwa wakiigeuza kamera juu chini, wakaiinua juu ya vichwa na kuichungulia kutoka chini yake. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba lenzi inayopiga sasa ndiyo iliyo juu, kwa hiyo kitakachokatwa ni miguu. Ukiilaza ubavuni, kitakatwa kilicho kulia au kushoto.

Jipimie kamera yako

Hakuna haja ya kuamini vipimo vya kitabu wakati unaweza kupima mwenyewe, na bila ya kupoteza filamu. Funga kamera tupu kwenye stendi mbele ya ukuta uliobandikwa utepe wa kupimia wa fundi cherehani, wima, umbali wa mita moja. Fungua mgongo wa kamera na utandaze karatasi ya kupitishia michoro pale filamu inapokaa, ikiwa imenyooka kabisa. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, weka shata katika mkao wa kubaki wazi, na upunguze mwanga wa chumba huku ukiuacha utepe ukimulikwa.

Taswira itatokea kwenye karatasi ikiwa kichwa chini miguu juu. Soma ni sentimita gani ya utepe inayoangukia ukingo wa juu wa picha, kisha usome inayoonekana kwenye ukingo wa juu wa kitazamio. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo paralaksi ya kamera yako. Rudia kwa mita 2 na mita 3, uandike matokeo kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya mfuko wa kamera.

Kipimo hicho hicho hufichua kasoro nyingine. Ikiwa tarakimu za utepe ni kali kwenye kitazamio lakini zimefifia kwenye karatasi, lenzi mbili haziafikiani, jambo la kawaida kwa kamera iliyofunguliwa na fundi asiyeizoea. Hapo kukadiria hakutasaidia. Ipelekwe kwa fundi anayezijua.

Wanaotumia simu wasidhani hadithi hii haiwahusu. Simu yenye lenzi mbili au tatu, inapohama kutoka lenzi moja hadi nyingine ikiwa karibu na kitu, taswira huruka kidogo. Hiyo ni paralaksi ile ile. Tofauti ni kwamba kioo cha simu huonyesha kile kinachoonwa na lenzi inayopiga, kwa hiyo mpigapicha hudanganyika mara chache.

Kwa wenye picha za zamani, ushauri ni mmoja. Kabla ya kumlaumu aliyepiga, itafute negativu. Ikiwa picha mliyo nayo ni ya mstatili ilhali negativu ni ya mraba, huenda kilichokosekana kilikatwa wakati wa kusafisha, na bado kipo. Ikiwa hakimo hata kwenye negativu na kilichopotea ni vidole viwili au vitatu vya juu, basi mnajua kilichotokea.

Nasi tulilijua kwa kuchelewa. Nyanya alifariki akiamini kwamba mtu aliyemlipa pesa zake za kahawa hakumtazama vizuri. Alimtazama vizuri. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya risasi nyuma ya ile picha, chini ya jina lake, ili watakaoirithi albamu wasiurithi pia ule ubishi.